Fishi mbili za mtoto mmoja: historia ya kupanga habari ili mtu apatikane

Katika bilo ya redio yetu kuna meza moja ya mbao, na kwa muda mrefu juu ya meza hiyo kulikuwa na kaye tatu. Ya kwanza iliandikwa "Watu wanaotafutwa". Ya pili, "Vilivyookotwa". Ya tatu, "Biashara na mengine". Mwaka juzi mama mmoja aliyekimbia upande wa Masisi alikuja kututangazia mtoto wake wa kiume wa miaka saba. Tulimwandika katika kaye ya kwanza, tangazo tukalisoma mara tatu, na mama akawa anarudi kila juma kuuliza. Kumbe siku nne kabla yake baba mmoja anayesafirisha makala alikuwa amepita kusema kwamba kuna mtoto alimkuta peke yake njiani, na anamtunza nyumbani. Mwenzetu mmoja alimsikiliza vizuri, akaandika kila kitu, lakini akaandika katika kaye ya pili, pamoja na simu zilizoanguka sokoni na mbuzi waliopotea.

Habari hizo mbili zililala juu ya meza moja kwa majuma matano. Aliyezikutanisha ni kijana stajieri, siku umeme ulipokatika na hakuwa na kazi ya kufanya, akaanza kusoma kaye zote mbili kwa kupitisha wakati. Mama alimpata mtoto wake. Sisi tulibaki na aibu, kwa sababu hakuna aliyekuwa amekataa kufanya kazi yake. Kila mmoja aliandika, na kila neno lilikuwa la kweli. Kosa letu lilikuwa namna ya kupanga.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma juu ya watu waliokutana na taabu hii kabla yetu, na nimeona ni historia ndefu, yenye watu wa ajabu, na yenye kutugusa sisi watu wa Kivu kuliko nilivyofikiri. Leo wanaopanga habari za biashara au za redio kwenye intaneti wanatumia maneno mawili: kategoria na etiketi. Kategoria ni kama etajere katika butike: chumvi ina mahali pake, sabuni ina mahali pake, na kitu kimoja hakikai pawili. Etiketi ni kijikaratasi unachobandika juu ya kitu, na unaweza kubandika vitano au kumi. Mtoto wa Masisi alikuwa na etajere mbili na hakuwa na etiketi hata moja.

Mtu wa etajere anayejulikana zaidi ni Mmarekani Melvil Dewey. Mwaka 1876 alitoa kitabu kidogo cha kurasa 44 kinachogawa elimu yote ya dunia katika makundi 10, kila kundi katika 10 mengine, na kila moja la hayo katika 10 tena. Maktaba nyingi bado zinamfuata. Ukitafuta historia ya inchi yetu, iko kwenye namba 967.51: 9 ni ya historia na jiografia, 96 inakupeleka Afrika, 967 Afrika ya Kati, kisha unafika kwetu. Ni njia nzuri ya kufika, mradi uwe unafikiri kama Dewey. Kwa dini alitenga namba 200 hadi 299. Wakristo wakapata kuanzia 220 hadi 280 na kitu, na dini nyingine zote za dunia zikasongamana ndani ya 290. Mwislamu wa Kasongo, Mhindu na Myahudi, wote kwenye ubao mmoja wa mwisho. Ukiangalia etajere ya mtu unajua alisimama wapi alipokuwa akiipanga.

Huyo Dewey alikuwa pia mfanyabiashara. Kampuni yake, Library Bureau, iliuza makabati na fishi za karatasi ngumu kwa maktaba, na punde si punde benki na makampuni ya bima nao wakaanza kuzinunua. Walikuwa wameelewa jambo moja: kaye inafuata tarehe, na ukisha kuandika mtu kwenye ukurasa wa 12 hawezi kuhama tena. Fishi unaichomoa, unaisogeza, unaingiza nyingine katikati. Katika miaka hiyo hiyo, mwaka 1886, huko Chicago, Reuben Donnelley alitoa kitabu cha simu kilichopanga watu kwa kazi zao: maseremala pamoja, waganga pamoja, wauza nyama pamoja. Anayetaka mlango hajui jina la seremala. Anajua tu kwamba anataka mlango.

Lakini aliyeumwa zaidi na shida ya etajere alikuwa mtu wa Ubeleji, Paul Otlet. Wakongomani tuna sababu ya kumkumbuka kwa jicho moja zuri na jingine baya, kwa maana mwaka 1888, akiwa bado kijana, aliandika kijitabu akipendekeza watu weusi wa Marekani wapelekwe Kongo kuleta "ustaarabu", kana kwamba huku hakukuwa na watu wenye akili zao. Mwaka 1895, pamoja na rafiki yake Henri La Fontaine, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1913, alianzisha Bruxelles ofisi yenye kusudi la kuandika kwenye fishi kila kitabu na kila makala ya dunia. Kufikia miaka ya 1930 fishi zilipita milioni 15. Watu waliandika barua na kulipa, nao wafanyakazi wakafungua droo na kujibu.

Otlet alichukua namba za Dewey lakini akaona hazitoshi. Tuseme kuna maandishi juu ya njia ya reli, yakihusu Kongo, yakihusu mwaka 1898, wakati reli ya kutoka Matadi ilipofika Léopoldville. Je, uyaweke kwenye reli, kwenye Kongo, au kwenye historia? Otlet alisema: yote matatu. Akaunda alama ndogo za kuunganisha: mabano kwa ajili ya mahali, alama za kufungua na kufunga usemi kwa ajili ya wakati, nukta mbili kwa kuunganisha jambo na jambo. Namba ikawa kama sentensi, na fishi ya kitu kimoja ikaweza kuwekwa katika droo tatu. Hapo ndipo etiketi ilipoanza kutoa kichwa, hata kama haikuitwa hivyo. Serikali ya Ubeleji ilimfungia milango mwaka 1934, Wajerumani wakamhamishia vitu vyake mwaka 1940, naye akafa mwaka 1944 akiona kazi yake imetawanyika. Zilizobaki ziko mji wa Mons.

Sasa niwapeleke Genève, maana huko ndiko kupanga fishi kulikogeuka kuwa habari ya uhai.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilifungua tarehe 21 mwezi wa nane shirika la kutafuta wafungwa wa vita. Barua zilimiminika kama mvua ya mwezi wa kumi na moja. Mama anauliza: mwanangu yuko wapi? Upande mwingine majeshi yalikuwa yakituma orodha za wafungwa waliowakamata. Wafanyakazi wa kujitolea, wengi wao wanawake, walijaa katika jumba la makumbusho la Rath, wakifika 1,200 siku za kazi nyingi. Walifanya jambo ambalo sisi hatukulifanya mezani petu. Fishi ya anayetafuta na fishi ya habari ya aliyepatikana waliziweka katika sanduku moja, kwa mpango mmoja. Mtu akiingiza fishi mpya na kukuta nyingine yenye jina lile lile, moyo unaruka: zimekutana. Zile fishi zilifika milioni 7, na zimehifadhiwa mpaka leo.

Jina peke yake halikutosha. Askari aliyepotea bila kuonekana kwenye orodha yoyote, unamtafutaje? Wale watu wa Genève wakapanga waliopotea mara ya pili, safari hii kwa rejimenti na kikosi. Hivyo wakaweza kumwandikia mfungwa aliye hai katika kambi fulani na kumuuliza: mwenzako wa kikosi kile, ulimwona mara ya mwisho wapi? Mtu mmoja, njia mbili za kumfikia. Ukiwa na jina unaingia mlango wa mbele, ukiwa na rejimenti unaingia wa nyuma.

Kuna jambo jingine la Genève ninalotaka waliohama makwao walisikie. Mapatano ya wakati ule yalizungumza juu ya askari. Raia aliyefukuzwa kijijini, mama aliyekamatwa barabarani, mtoto aliyebaki nyuma ya mstari wa vita, hawakuwa na droo. Daktari Frédéric Ferrière alianza kushughulikia barua za raia hao hata hivyo, na sehemu yake ikakua. Mwandishi Romain Rolland alikuwa mmoja wa waliojitolea humo. Watu wale walikuwepo na mateso yao yalikuwepo. Lakini mpaka mtu alipotengeneza droo yenye jina lao, hakuna mahali barua zao zingeweza kuwekwa.

Vita ya Pili ilileta shida nyingine: namna ya kuandika majina. Katika mji wa Arolsen, Ujerumani, kulijengwa faharasa ya majina ya waliofungwa na kuhamishwa na Wanazi, fishi milioni 50 hivi zikihusu watu milioni 17.5. Kwa sababu karani wa Kijerumani, wa Kipolandi na wa Kirusi kila mmoja aliandika alivyosikia, jina moja tu kama Abramowitsch lilipatikana limeandikwa kwa namna zaidi ya 800. Wakaamua kupanga fishi kwa sauti ya jina, wala si kwa herufi zake.

Wasikilizaji wa Bukavu watacheka hapo, kwa sababu wanajua. Ciza, Chiza, Tshiza, Tchiza: ni mtu mmoja, amepita tu kwa makarani wanne. Kwa ndugu zetu wa Beni na Butembo shida ni ya namna nyingine: Kambale ni jina la mtoto wa kiume wa pili, basi ukisoma redioni "Kambale anatafutwa" nusu ya kartié inasimama. Na Bahati, Furaha, Amani, Riziki? Kivu nzima ni Bahati. Ongeza habari ya mwaka 1972, Mobutu alipokataza majina ya kikristo kwa ajili ya kurudi kwenye asili: aliyebatizwa Joseph akawa na jina lingine kwenye karte, huku nyumbani mama yake akiendelea kumwita Joseph. Baadaye Joseph akarudi. Mzee wa umri huo anaweza kuwa na majina matatu katika karatasi tatu, na yote ni yake.

Mwaka 1994 mambo haya yote yalifika Goma kwa siku chache. Mwezi wa saba mamia ya maelfu ya Wanyarwanda walivuka mpaka, kipindupindu kikaingia, na makambi ya Kibumba, Katale na Mugunga yakajaa. Watoto waliopotezana na wazazi wao katika inchi za Maziwa Makuu, walioandikishwa katika miaka ile, walipita laki moja. Hapo mpango wa Ulaya wa kupanga kwa jina la ukoo ulianguka wenyewe, kwa sababu katika Rwanda mtoto kwa kawaida habebi jina la baba yake. Baba ana lake, mama lake, kila mtoto lake. Ukiweka fishi ya baba kwenye herufi H na ya mtoto kwenye herufi M, zitakaa miaka mia bila kuonana. Ikabidi kila fishi ibebe mengi: jina la mtoto, la baba, la mama, kilima walikotoka, mahali walipoachana. Na kwa wadogo wasiojua hata jina lao, waliwapiga picha, na picha zikabandikwa ili watu wapite kuziangalia. Uso ukawa ndiyo etiketi.

Redio nayo ilikuwa sehemu ya kazi hiyo. Radio Agatashya ilianza Bukavu mwezi wa nane 1994, ikisemea wakimbizi mpaka vita vilipoinyamazisha mwaka 1996. BBC nayo ilianzisha matangazo yaliyoitwa Gahuzamiryango, maana yake "kiunganisha familia", na majina yakasomwa. Wakubwa wetu wanakumbuka watu wakikaa kimya kuzunguka redio moja ya mawe, wakisubiri. Mimi nilikuwa mtoto. Nakumbuka tu kwamba tulikatazwa kupiga kelele saa hiyo.

Siwezi kusifu fishi bila kusema ubaya wake. Katika miaka ya 1930 Wabeleji waliandika Rwanda kabila la kila mtu mkubwa kwenye karte ya utambulisho. Neno moja tu. Miaka sitini baadaye, kwenye vizuizi vya barabarani, neno lile lilisomwa na watu wenye mapanga. Kwetu Kongo, mwaka 1948, mkoloni alitoa karte ya kuonyesha kwamba mtu mweusi fulani "ameendelea", na wengine wote wakabaki kwenye kundi la wasioendelea. Anayeandika kundi la mtu ameshika nguvu juu yake, hata kama ana bic ya franga mia tano tu. Kwa hiyo kwenye fishi zetu kabila haliandikwi. Wengine wananiambia lingesaidia kutafuta. Ni kweli, lingesaidia kutafuta. Hatutaki kujua nani mwingine atakuja kutafuta.

Etiketi za kwenye intaneti nitazipitia haraka, kwa kuwa vijana wanazijua kuliko mimi. Mwaka 2003 Joshua Schachter wa Marekani aliweka mtandaoni Delicious, mahali ambapo kila mtu aliweza kuhifadhi ukurasa na kuupa maneno aliyotaka mwenyewe, bila kuomba ruhusa kwa mwenye maktaba. Tarehe 23 mwezi wa nane 2007 Chris Messina alipendekeza kuweka alama # mbele ya neno, na mwezi wa kumi mwaka huo huo moto ulipochoma eneo la San Diego, watu walifuata habari kwa alama moja ya namna hiyo. Uzuri wake, wengi wanapanga kwa pamoja. Ubaya wake, kila mtu anaandika lake: mmoja anaandika Goma, mwingine Nord-Kivu, mwingine Kivu ya Kaskazini, na hazikutani. Sisi hapa hata huko hatujafika. Picha ya mtoto aliyepotea inapita kwenye makundi ya WhatsApp asubuhi bila tarehe na bila mahali, jioni imezikwa chini ya salamu na matangazo ya mazishi, na baada ya miezi mitatu inarudi upya, mtoto akiwa ameshapatikana zamani.

Baada ya habari ya yule mtoto wa Masisi tulikata katoni za sabuni tukatengeneza fishi. Nyeupe kwa anayetafuta, zilizopakwa rangi ya kijani kwa anayesema amemwona mtu. Zote zinaingia sanduku moja. Etajere kubwa tuliacha tatu tu: watu, vitu, biashara, na mtoto hawezi tena kuandikwa pamoja na mbuzi. Etiketi ndizo tulizoongeza: majina yote, hata la utani, kijiji cha asili, mahali mlipoachana, mwezi, na mahali ulipo sasa. Kwa kila etiketi tulikubaliana namna moja ya kuiandika, na orodha hiyo imebandikwa ukutani. Tunaandika Goma, basi.

Hata biashara imefaidika, jambo ambalo sikulitegemea. Fundi mmoja wa cherehani aliyehama Rutshuru alikuja kutangaza kazi yake. Zamani tungemwandika "Biashara", tukasoma mara moja, tukamsahau. Safari hii fishi yake ilibeba "ushonaji", "Rutshuru" na kartié anakoishi sasa. Mama aliyekuja kumtafuta dada yake wa Rutshuru alipochomolewa fishi zote za Rutshuru, akakuta jina la fundi, jirani yake wa zamani. Fundi ndiye aliyejua dada alikokimbilia.

Ukija bilo kutangaza, njoo na majina yote ya mtu wako, yale ya karte na yale ya nyumbani, na jina la mama na la baba hata kama wameshafariki. Tuambie alama moja ambayo hatutaisoma hewani: kovu, wimbo alioupenda, jina la mbwa wenu. Hiyo tunaiweka kando, ili atakayekuja kudai mtoto tumuulize. Kaye za zamani bado tunazihamisha kwenye fishi, ukurasa kwa ukurasa, jioni baada ya habari. Tumefika mwezi wa tano wa mwaka jana, na yule stajieri amerudi kutusaidia.